Riba Moja, Mikataba Mingi

Niliandika 3 kwenye kisanduku cha riba, jedwali likanijibu 843.21, yaani dola za rejesho la kila mwezi. Nikaifuta ile 3, nikaandika 7, na bila kugusa kitu kingine chochote namba ikaruka hadi 1,330.60.

Mkopo ulikuwa ule ule: dola 200,000 za kulipwa kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, yaani mkataba wa kawaida kabisa wa kununulia nyumba nchini Marekani. Nilichobadilisha ni tarakimu moja, na sikuibuni, kwa sababu Januari 2021 riba ya mikopo ya aina hiyo ilishuka hadi asilimia 2.65, na kufikia Oktoba 2023 ilikuwa inakaribia asilimia 8. Nikaendelea kuchungulia safu za marejesho. Kwa riba ya asilimia 7, katika rejesho la mwezi wa kwanza dola 1,166.67 zinakwenda kwenye riba, na dola 163.93 pekee ndizo zinazopunguza deni lenyewe. Kisha nikaligeuza swali: mtu anayemudu zile 843.21 kwa mwezi, na asiye na senti zaidi, angeweza kukopa kiasi gani kwa asilimia 7? Takriban dola 126,700. Zaidi ya theluthi moja ya uwezo wake wa kununua imeyeyuka, ilhali mshahara wake haujapungua na nyumba anayoitamani iko pale pale.

Nililifunga jedwali, lakini swali halikufungika, na kwa wiki kadhaa limekuwa likinirudia kila ninaposoma habari za benki kuu.

Ikiwa tarakimu moja inaweza kumtoa mnunuzi sokoni namna hiyo, mbona uchumi wa Marekani haukuanguka mwaka 2023?

## Hoja ya Jackson Hole

Mwaka 2007, katika kongamano linalowakutanisha wakuu wa benki kuu kila mwaka huko Jackson Hole, jimbo la Wyoming, mwanauchumi Edward Leamer alitoa hoja kali, isiyo na kona: kwamba nyumba ndizo mzunguko wenyewe wa uchumi. Kati ya midororo 10 iliyoikumba Marekani tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 8 ilitanguliwa na kuzorota kwa sekta ya nyumba. Miwili isiyobisha hodi katika mlango huo ni ule wa 1953, uliofuata kusitishwa kwa Vita vya Korea, na ule wa 2001, uliotokana na kuporomoka kwa uwekezaji katika kampuni za teknolojia. Kabla mwaka wa kongamano lile haujaisha, mdororo wa 11 ulikuwa umeanza, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza umetokea upande gani.

Kinachoshangaza ni udogo wa sekta yenyewe. Ujenzi wa nyumba za makazi nchini Marekani kwa kawaida ni asilimia 4 au 5 hivi ya pato la taifa, na ulipovuka asilimia 6 mwaka 2005 ulikuwa umevimba kupita kiasi. Sehemu ndogo hivyo inawezaje kuuburuta uchumi mzima? Jibu ninaloliona la maana ni kwamba chakula na nauli haviahirishwi, ila nyumba huahirishwa bila shida, kwa kuwa aliyepanga anaweza kuendelea kupanga na kijana anaweza kuendelea kukaa kwa wazazi mwaka mwingine. Tena karibu kila anayenunua nyumba hutumia fedha za kukopa. Ununuzi unaoweza kusubiri na unaotegemea mkopo ndio unaotetereka wa kwanza riba inapopanda, na ndio unaorudi wa kwanza riba inaposhuka.

Leamer alisisitiza jambo jingine, ambalo naona wasomaji wa habari za uchumi hulipita haraka kwa sababu macho yetu yako kwenye bei: nyumba hupungua kuuzwa kabla hazijashuka bei. Mwenye nyumba hukumbuka jirani yake aliuza kwa kiasi gani mwaka uliopita, naye hataki kupokea chini ya hapo, hivyo badala ya kupunguza bei huiacha nyumba sokoni miezi mingi, au huiondoa kabisa. Bei inaonekana imesimama imara huku biashara imekwisha kufa. Na katika biashara hiyo iliyokufa ndimo zilimo kazi za watu: dalali, mpimaji, mpaka rangi, muuza samani, dereva wa lori la saruji.

Fundi hali bei ya nyumba; anakula idadi ya nyumba.

## Vipande vya mbao kwa njia ya posta

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa miaka ya mwanzo ya 1980. Paul Volcker alipoingia kuiongoza Benki Kuu ya Marekani mwaka 1979, alikuta mfumuko wa bei umeota mizizi, akaamua kuukata kwa gharama yoyote. Riba ya mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki ilipita asilimia 19 katikati ya 1981, na Oktoba mwaka huo mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulifikia asilimia 18.63. Wakandarasi walianza kumtumia Volcker vipande vya mbao za ujenzi kwa posta, vingine vikiwa na ujumbe wa kumsihi apunguze riba. Wauza magari nao wakatuma funguo za magari yaliyokosa wanunuzi.

Mbao zile zilikuwa takwimu sahihi kuliko nyingi zilizochapishwa. Nyumba zilizoanza kujengwa zilikuwa milioni 2 hivi mwaka 1978, na mwaka 1982 hazikufika milioni 1.1. Ukosefu wa ajira ulifikia asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982.

Kisha Volcker alilegeza. Mwaka 1983 ujenzi ulipanda hadi nyumba milioni 1.7, uchumi ukainuka nao, na mashine yote ikaonekana kufanya kazi kama vitabu vinavyosema: benki kuu hukaza, nyumba husimama, mfumuko hupoa, benki kuu hulegeza, nyumba huanza tena.

Ni vyema kukumbuka kwamba kabla ya hapo mashine hiyo ilikata kwa ghafla zaidi. Kanuni iliyojulikana kama Regulation Q iliweka kikomo cha riba ambayo amana za watu zingeweza kulipwa. Riba ya sokoni ilipopita kikomo hicho, wenye akiba walizitoa fedha zao katika taasisi zilizokuwa wakopeshaji wakuu wa nyumba, nazo zikabaki hazina cha kukopesha. Mkopaji wa 1966 hakuambiwa kwamba mkopo ni ghali. Aliambiwa kwamba hakuna mkopo. Vikomo hivyo vilipoondolewa katika miaka ya 1980, fedha iliacha kukatika ghafla, lakini ili kuupoza uchumi kwa kiwango kile kile, bei ya mkopo sasa ililazimika kupanda juu zaidi.

## 1983 haikurudi 2009

Hapa ndipo mashaka yangu yalipoanza kupata umbo.

Desemba 2008 Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeshusha riba yake hadi kati ya sifuri na asilimia 0.25. Kwa mantiki ya 1983, ujenzi ungepaswa kuinuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Badala yake, mwaka 2009 zilianza kujengwa nyumba zipatazo 554,000, na ujenzi haukurudi kwenye milioni 1 kwa mwaka hadi 2014. Chombo ni kile kile, nchi ni ile ile, tena safari hii riba ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote katika miongo iliyotangulia.

Tofauti ilikuwa katika madeni yaliyokuwa yameshatiwa saini. Mwaka 1981 watu walizuiwa kukopa. Mwaka 2006 walikuwa wameshakopa.

Ili kuelewa walivyofika huko, inabidi tuiache ile picha ya benki kama mtu wa kati anayechukua akiba ya mmoja na kumpa mwingine. Benki inapotoa mkopo, huandika deni upande mmoja wa vitabu vyake na amana mpya upande wa pili, na amana hiyo ni fedha ambayo haikuwapo asubuhi yake. Breki zake ni hofu ya kutolipwa, gharama ya kupata fedha, na kiasi cha mtaji, yaani fedha ya wenye benki wenyewe, ambacho msimamizi wa mabenki anakitaka. Katika breki hiyo ya tatu, sheria zenyewe zilipendelea nyumba. Makubaliano ya Basel ya 1988, yaani kanuni za kimataifa za mabenki, yaliitaka benki iweke mtaji wa asilimia 8 dhidi ya mkopo wa kampuni ya kawaida, lakini mkopo uliowekewa rehani ya nyumba ya kuishi ulihesabiwa nusu ya hatari hiyo. Kwa kila dola 100 za mkopo wa kiwanda benki ilitenga mtaji wa dola 8, na kwa dola 100 za mkopo wa nyumba dola 4. Meneja wa mikopo hahitaji kuwa mjanja ili aone njia iliyo nyepesi. Wanahistoria wa uchumi Òscar Jordà, Moritz Schularick na Alan Taylor, waliokusanya takwimu za nchi 17 zilizoendelea, wameonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 mikopo ya majengo na ardhi ilikuwa karibu theluthi moja ya mikopo yote ya benki, na mwanzoni mwa karne hii ilikaribia asilimia 60.

Mkopo wa nyumba una tabia nyingine, ya kujipa ushahidi. Benki hukopesha kwa kuangalia thamani ya rehani. Mikopo ikiwa mingi, bei za nyumba hupanda. Bei zikipanda, rehani zote zilizopo huonekana salama zaidi, na benki hupata sababu ya kukopesha tena. Hakuna anayedanganya katika duara hilo, angalau mwanzoni. Kila afisa wa mikopo anayo karatasi ya mthamini mkononi, na karatasi hiyo ni ya kweli kwa siku ile.

Kati ya 2004 na 2006, hata wakati benki kuu ilipoanza kukaza, duara liliendelea kuzunguka. Riba ya sera, ile inayopangwa na benki kuu yenyewe, ilipandishwa mara 17 mfululizo, kutoka asilimia 1 hadi 5.25, huku riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ikigoma kufuata: katikati ya 2005 ilikuwa chini kuliko mwaka mmoja kabla. Alan Greenspan mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, aliliambia Bunge, Februari 2005, kwamba mwenendo huo wa riba za muda mrefu ulikuwa kitendawili. Kwa wakopaji dhaifu kulikuwa na mikataba ya riba ndogo kwa miaka 2 ya mwanzo, ambayo baadaye ilipanda; mikataba hiyo ilitegemea, bila kusema, kwamba miaka 2 ikiisha nyumba itakuwa imepanda bei na mwenyewe atakopa upya. Bei zilipoacha kupanda mwaka 2006, mpango huo ulikufa hata kabla riba mpya haijaanza kuwauma wengi.

## Dawa ya deni

Dawa ya deni ni kulipa, na kwa mtu mmoja sina ubishi na usemi huo.

Shida huanza pale familia milioni kadhaa zinapoinywa dawa hiyo kwa pamoja. Mwaka 2010, karibu robo ya nyumba zenye mkopo nchini Marekani zilikuwa na thamani ndogo kuliko deni lililokuwa juu yake. Mwenye nyumba kama hiyo hawezi kuuza bila kutoa fedha mfukoni, wala hawezi kukopa upya kwa riba mpya iliyo ndogo, kwa kuwa rehani yake haitoshi. Anachoweza ni kupunguza matumizi na kulipa. Kila anachokiacha dukani ni kipato kilichopotea kwa mtu mwingine, ambaye naye ana deni lake. Riba ya sifuri ilimpita mtu huyu kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto.

Ajira katika ujenzi zilipungua kwa zaidi ya milioni 2, na hao walikuwa wale tu wanaohesabiwa katika sekta yenyewe.

Hispania iliyapitia hayo kwa njia iliyonisaidia zaidi kuona kilichokuwa kikinisumbua. Benki Kuu ya Ulaya iliweka riba ya asilimia 2 kuanzia Juni 2003 hadi Desemba 2005, kiwango kilichoifaa Ujerumani iliyokuwa ikisuasua, lakini kwa Hispania, ambako bei zilikuwa zikipanda kwa kasi zaidi, kukopa kulikuwa karibu na bure. Mwaka 2006 pekee Hispania ilianza kujenga zaidi ya nyumba 700,000. Mikopo mingi ya huko ilikuwa ya riba inayofuata soko, hivyo benki kuu iliposhusha riba baada ya 2008, wenye madeni walipata nafuu ya haraka ambayo Mmarekani mwenye nyumba iliyozama kwenye deni hakuipata. Hata hivyo ukosefu wa ajira, uliokuwa asilimia 8 hivi mwaka 2007, ulipita asilimia 26 mwanzoni mwa 2013. Nafuu ya rejesho haikuweza kumrudisha kazini mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujenga nyumba ambazo tayari zilikuwa zimezidi.

## Waliofungiwa na riba yao wenyewe

Sasa narudi kwenye 2023.

Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Biashara ya nyumba ilianguka kama Leamer alivyofundisha: nyumba za mkono wa pili zilizouzwa mwaka 2023 zilikuwa milioni 4.09, idadi ndogo kuliko zote tangu 1995. Lakini bei hazikuporomoka, na ukosefu wa ajira ulibaki chini ya asilimia 4 kwa mwaka wote.

Nadhani maelezo yamo katika lile jedwali la marejesho, ila niliyaona nilipoacha kumtazama mnunuzi na kumtazama jirani yake. Aliyetia saini mwaka 2021 kwa asilimia 3 anaendelea kulipa 843.21 mwaka 2023, na ataendelea kuilipa hadi mkataba uishe, hata riba ifike wapi. Mfumuko wa bei unapandisha mshahara wake, si rejesho lake. Mtu huyu hajakazwa hata kidogo; kinyume chake, ameshika mali isiyoandikwa popote, yaani haki ya kukopa kwa asilimia 3 katika dunia ya asilimia 7, na haki hiyo atainyang'anywa siku atakapohama. Basi hahami. Kwa kutohama anaondoa nyumba moja sokoni, na kwa kuiondoa anazuia bei isishuke, na kwa uhaba huo wajenzi wa nyumba mpya wanaendelea kupata wateja, huku kampuni kubwa za ujenzi zikilipa kutoka mfukoni ili kumpunguzia mteja riba. Nyumba nyingi zilizoanza kujengwa wakati wa riba ndogo zilikuwa bado hazijakamilika, na zisizokamilika zinahitaji mafundi.

Uingereza haikuwa hivyo. Huko mikopo mingi hufungwa riba kwa miaka 2 au 5 tu, hivyo Benki Kuu ya Uingereza ilipopanda kutoka asilimia 0.1 Desemba 2021 hadi 5.25 Agosti 2023, maumivu yalikuja kwa mafungu, kila mwezi kundi jipya la familia likifikia mwisho wa mkataba wake wa zamani. Benki kuu mbili zilikaza kwa kiasi kinachokaribiana na katika muda unaokaribiana, na bado sera hizo hazikuwa sera moja.

## Kuwahi au kusubiri

Je, benki kuu ingepaswa kukaza mapema, deni linapoanza kukusanyika? Mwanauchumi John Taylor amedai kwamba riba ya Marekani ilikaa chini mno baada ya 2002 na ndiyo iliyovimbisha bei za nyumba. Ben Bernanke, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu hiyo wakati huo, alijibu Januari 2010 kwamba uhusiano huo ni dhaifu, na kwamba kosa kubwa lilikuwa katika usimamizi wa aina za mikopo iliyoruhusiwa. Ninaegemea upande wa Bernanke, ingawa si kwa raha, maana jibu hilo linamfaa sana mtu aliyekuwa ndani ya jengo.

Kinachonisukuma huko ni Uswidi. Kati ya Julai 2010 na Julai 2011 benki kuu yake ilipandisha riba kutoka asilimia 0.25 hadi 2, moja ya sababu ikiwa madeni ya familia. Lars Svensson, aliyekuwa naibu gavana, alipinga. Alisema mfumuko wa bei ulikuwa tayari unaelekea chini ya lengo la asilimia 2, na kwamba bei zisipopanda kama wakopaji walivyotarajia, uzito halisi wa deni huongezeka badala ya kupungua. Alishindwa kwenye kura, akaondoka mwaka 2013, na Februari 2015 benki hiyo hiyo ilikuwa na riba iliyo chini ya sifuri.

New Zealand ilichukua njia nyingine Oktoba 2013 kwa kuzibana benki zisitoe mikopo mingi inayozidi asilimia 80 ya thamani ya nyumba. Hatua hiyo inagusa mkataba wenyewe, na kwa sababu hiyo naipenda. Lakini anayeachwa nje kwanza ni kijana asiye na wazazi wa kumchangia malipo ya awali, wakati mwenye nyumba 3 anapita bila kuulizwa, na bado sijapata hoja ya kuniondolea uzito wa jambo hilo.

## Riba ambayo benki kuu haiipangi

Septemba 2024 Benki Kuu ya Marekani ilianza kulegeza, na kufikia Desemba ilikuwa imeshusha riba yake kwa pointi moja nzima ya asilimia. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30, iliyokuwa asilimia 6.1 hivi mwishoni mwa Septemba, ilivuka asilimia 7 katikati ya Januari 2025. Ni kitendawili cha Greenspan kilichogeuzwa kichwa chini, na chanzo chake ni kile kile: mkopeshaji wa miaka 30 hutazama hati fungani za serikali za muda mrefu, na pamoja nazo mfumuko na madeni ya serikali anayoyatarajia miaka mingi mbele, kuliko kiwango kilichotangazwa juzi. Kwa mwenye mkataba wa asilimia 3, kulegezwa huko hakukubadilisha lolote. Kwa aliyekuwa akitafuta mkataba mpya, Januari ilikuwa ghali kuliko siku benki kuu ilipoanza kumpunguzia.